Kadi ya Blanketi Iliyomtoa Jicho Rafiki Yangu

Ndugu zangu mnaodai haki ya Mwafrika kufanya biashara katika nchi yake! Mwenye ukurasa huu nimemwomba alifiche jina langu, ingawa ninyi wenzangu mtanitambua, nanyi nawaomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Nina umri wa miaka ishirini na mitatu, nasoma chuo kikuu, na baba yangu ana duka Katesh. Mmezoea kunisikia nikinguruma jukwaani. Leo nawaeleza siku niliyonyamaza.

Likizo iliyopita nilirudi na wazo nililoliona mjini. Mtu analipia bidhaa dukani, anapewa kadi, anampa ampendaye, naye mpokeaji anakuja kuchagua mwenyewe. Baba alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Mwanangu, tumekusomesha ili uje utuuzie karatasi?"

"Baba, fedha inaingia kabla bidhaa haijatoka," nikamjibu. "Na mwenye kadi haji peke yake."

Sikukosea. Mama mmoja wa Nangwa, ambaye hakuwahi kukanyaga dukani kwetu, alileta kadi ya kanga; alifuatana na mawifi zake wawili, wakaondoka na chumvi, shanga na sufuria. Kadi moja ilituletea nyumba nzima. Wateja waliozoea kusimama foleni kwa mfanyabiashara mkubwa wa kigeni walianza kutujia sisi, na baba akawa ananiita "bwana mshauri" mbele ya wageni. Naamini mpaka leo: kadi ni silaha ya muuzaji mdogo.

Ila nilitia kiburi changu ndani yake. Nilitaka kadi ziheshimike, nikachongesha muhuri wa mviringo, nikaugonga kwa wino wa zambarau. Sikufikiri kwamba huko kijijini Dirma muhuri wa namna hiyo unajulikana kwa jambo moja tu: amri ya Bwana Shauri, yule mzungu mtawala wa wilaya, ya kupunguza ng'ombe wa watu kwa lazima.

Rafiki yangu, nitamwita Safari, alikuwa anaoa Dirma. Ukoo ule humtaka mkwe amvike mama mkwe blanketi mbele ya watu wote. Nikamshauri, "Mpe kadi, achague rangi mwenyewe."

Akasita. "Ndugu yangu, wazee wale wanataka kitu cha kushikika."

"Acha ushamba," nikamwambia. Akanitii, kwa sababu mimi ndiye msomi.

Alipoinama na kuitoa kadi kwa mikono miwili, mjomba wa bibi arusi aliiona ile zambarau. "Karatasi ya ng'ombe!" akapiga kelele. "Kumbe tunamwoza binti yetu kwa karani wa Bwana Shauri!"

"Ni blanketi, mjomba! Ni blanketi!" Safari akajitetea.

"Blanketi gani linaenea kiganjani? Kamvike mama yako!"

Fimbo ya kwanza ilivunja mkono ulioshika kadi. Ya pili ilipasua paji la uso. Nilisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Alitambaa, damu ikaifunika kadi, na wanaume sita wakamkanyaga kwa zamu. Fimbo iliyomtoa jicho ilimpata akiwa amegeuza uso upande wangu. Alikuwa ananitafuta. Maneno manne, "Kadi ni ya kwetu," yangetosha. Nilikuwa hatua kumi tu. Nilirudi nyuma, nikasimama kati ya wanawake, nikainamisha kichwa.

Ndoa imevunjika. Boma la baba yake limechomwa, na Safari mwenyewe anaitwa jasusi. Hajanitaja kwa yeyote. Nilipokwenda kumjulia hali, alisema taratibu, "Siku ile uliondoka mapema, sivyo?" Alikuwa ananifungulia mlango wa kukimbilia. Nikasema, "Ndiyo."

Nikikiri mbele ya watu wa Dirma, fimbo zile zitanigeukia, duka la baba litateketea, na wafanyabiashara wakubwa wa kigeni watashangilia kwamba kadi za Mwafrika zimekufa. Nikinyamaza, Safari atakufa akiitwa msaliti kwa kosa langu. Mngekuwa mimi, mngesimama wapi? Nijibuni upesi.

Maana mkutano wetu ujao ni Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa mnada, Katesh. Nimepangwa kuhutubia juu ya faida za kadi. Wajomba wa Dirma watakuwapo na fimbo zao. Safari naye ameahidi kuja. Ameomba awekewe nafasi upande wa kushoto wa jukwaa, ili jicho lililobaki linione vizuri.