Nani Alikunywa So Yetu?

Muda mfupi kabla ya kuitwa jukwaani, tuligundua kwamba mtu alikuwa amekunywa So yetu. Si utani. Ile noti ya tano, inayokaa kati ya Fa na La, ilikuwa ndani ya chupa ya soda, na mtu alikuwa ameipunguza karibu nusu.

Kisa hiki kilinirudia Jumamosi iliyopita hapa Mugutha, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyumba na binti yangu. Shuleni kwao walikuwa wameagizwa watengeneze ala ya muziki kwa vitu vilivyotupwa, naye akachagua chupa. Akazipanga sakafuni, akatia maji, akaanza kuzigonga kwa kijiko huku simu yangu ikisikiliza kwa niaba yake. Sauti ikiwa sawa, kioo kinawaka kijani. Ikikosea, kinawaka nyekundu. Nilimtazama kwa muda nikagundua kwamba hakuwa akisikiliza chochote. Alikuwa akiangalia rangi.

"Mami, na nyinyi mlikuwa mnajuaje imefika, kama hakukuwa na app?" akaniuliza.

Ngoja nikueleze wewe pia, rafiki yangu, maana hata sisi tulikuwa na simu.

Nililelewa na nyanya yangu, Shosho, huko Kiganjo, Thika. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na lango la shule, akiuza mandazi, mafuta ya taa ya kupima na soda za chupa. Siku ilianza na king'ora cha kiwanda kutoka upande wa mjini, kisha harufu ya mandazi, kisha beseni la chupa tupu lililonisubiri mlangoni. Kuziosha ilikuwa kazi yangu. Maji ya asubuhi yaliuma vidole, na chupa zikigongana humo ndani zililia kila moja kwa sauti yake. "Polepole!" Shosho alinikemea kutoka jikoni. "Hiyo si kengele ya kanisa."

Mwalimu wetu wa muziki hasa alikuwa wa Kiswahili. Muziki alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka, akaushika kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kukipenda. Shule haikuwa na kinanda. Kwa hiyo tulitengeneza. Ngoma zilikuwa mikebe ya rangi iliyowambwa mpira wa tyubu ya gari. Njuga zilikuwa vifuniko vya soda vilivyopondwa na kutungwa kwenye waya. Wandindi, fidla ya Wakikuyu yenye uzi mmoja, tuliiunda kwa kopo la mafuta ya kupikia na waya wa breki ya baiskeli, na ililia kama paka aliyefungiwa stoo. Chupa ndizo zilizokuwa fahari yetu. Zilikuwa nane, zimening'inia kwa kamba ya katani kwenye mpini wa jembe, kila moja na maji yake.

Shosho ndiye aliyetuazima. "Ziende nzima na zirudi nzima," alimwambia Mwalimu huku akimnyooshea kijiti cha kugeuzia mandazi. "Moja ikipasuka, utakuja kuimba hapa kwa kibanda changu mpaka niseme basi."

Basi, simu. Ilikuwa ya vibonyezo, nene kama kipande cha sabuni, mali ya Mwalimu. Ndani yake kulikuwa na mahali pa kujitungia mlio. Ukibonyeza moja unapata Do, mbili unapata Re, na kuendelea hadi saba, ambayo ilikuwa Ti. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya mbu, lakini haikukosea kamwe. Mwalimu alibonyeza, nasi tukagonga chupa na kuongeza maji kwa kifuniko cha soda, tone baada ya tone. Ukiongeza, sauti inashuka, ukipunguza, inapanda. Tuliposhindwa kukubaliana alituamuru tufumbe macho na kuinua mkono sauti mbili zikikutana. Saa saba king'ora cha kiwanda kilipolia, alitutaka tukitafute kwenye chupa. Tulikipata kati ya Mi na Fa, tukakizomea kwa kutokuwa na msimamo.

Jambo moja alilikataa katakata. Mwenzangu wa dawati, msichana mwenye sauti nzuri kutushinda sote, alitaka kuchora mistari kwenye chupa kwa rangi ya kucha ili tujue maji yafike wapi. Mwalimu aliichukua ile rangi akaitia mfukoni. "Ukichora, macho yatafanya kazi na masikio yatalala," alisema.

Muhula huo mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba muziki hautahiniwi, kwa hiyo vipindi vyake vitakuwa vya hisabati. Mwalimu alimwomba asubiri tamasha la shule huko Ruiru. Tukifanya vizuri, vipindi vibaki. Tukiaibika, chupa zirudi kwa Shosho. Mwalimu mkuu akakubali, kisha akasema atakuja mwenyewe kutusikiliza.

Tulikwenda kwa lori la shule, chupa zikiwa ndani ya kreti, kila mdomo umefunikwa karatasi ya mkate na kukazwa kwa raba. Ruiru kulikuwa na jua kali. Wanafunzi walijaa uwanjani kama siafu, na kila kona kulikuwa na kwaya inayofanya mazoezi. Tulikula githeri kwenye nyasi, kisha tukazitundika chupa na kuzijaribu. Do, Re, Mi, Fa, na baada ya hapo kitu kikapiga kelele juu kuliko La. Maji ya So yalikuwa yamepungua vibaya.

"Ngai! Nani amekunywa So?"

Macho yote yalimwendea mwenzangu wa dawati, maana ndiye aliyekuwa amekaa karibu na kreti.

"Wewe, rudisha So yetu!"

"Aki si mimi!"

"Si ni wewe ulikuwa unalia kiu kwa lori tangu Juja?"

"Nililia kiu, sikulia So!"

Hata aliyekuwa amekasirika zaidi alicheka, na jina likamshika pale pale: Kiu. Yeye hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Tulimkimbilia Mwalimu atoe simu. Akaitoa mfukoni, akatuonyesha kioo cheusi, akasema stima ilipotea jana na moto umeisha. Kisha akafanya jambo lililonishangaza hata wakati ule: akakunja mikono, akaegemea lori.

Kiu ndiye aliyeinuka. Akagonga Do, akafumba macho, akaimba akipanda ngazi hadi ya tano, na hapo akatoa ile sauti ya simu yenyewe, nyembamba, ya mbu, ikipitia puani. Tuliijua sote. Tulikuwa nayo vichwani bila kujua tunayo. Mimi nikawa natia maji kwa kifuniko, wengine wakigonga, wengine wakisema "bado, bado, bado," mpaka chupa na Kiu wakawa kitu kimoja na mikono yote ikainuka.

Hatukushinda. Shule iliyoleta kinanda cha umeme ilitupita, na wandindi yetu ilimchekesha jaji. Lakini So ilisimama mahali pake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu mkuu alikuja nyuma ya jukwaa, akagonga chupa moja kwa ukucha, akasema, "Haya, endeleeni na chupa zenu." Vipindi vikabaki. Shosho alizipokea chupa zote nane zikiwa nzima, akaonekana kusikitika kidogo kwamba Mwalimu hataimba.

Siku hizi pale palipokuwa na kibanda pana gorofa la kupangisha, soda huja kwa plastiki isiyolia, na Shosho amelala Gatundu kwa watu wake. King'ora sijakisikia miaka mingi. Sihuzuniki sana. Watoto wanafundishwa muziki sasa, na kile kioo cha kijani ni mwalimu mvumilivu. Nilimwomba binti yangu jambo moja tu, afumbe macho kabla ya kukitazama. Chupa ya tatu aliipatia bila simu, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Lakini kuna mambo mawili niliyoyaona siku ile na ambayo hayajawahi kuniacha. La kwanza, karatasi ya chupa ya So ilikuwa imerudishwa vizuri na raba kukazwa tena. Mtoto mwenye kiu angeitupa. La pili, tulipokuwa tukirudi, mahali fulani karibu na Juja, simu ililia kule mbele ya lori, alikokaa Mwalimu pamoja na dereva. Mlio wake ulikuwa ule wa mbu.

Jumamosi hiyo hiyo nilimtumia Kiu video ya binti yangu. Siku hizi anauza nguo Kamenu na kuongoza kwaya ya kanisa lao. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwambie afunike chupa vizuri. Halafu mwambie si mimi."

Ndipo nikampigia Mwalimu, ambaye amestaafu na anafuga mbuzi. Nikamuuliza moja kwa moja kama simu yake ilikuwa imezima kweli. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yule msichana alitoa So sawasawa, ama hakutoa?"

"Alitoa, Mwalimu."

"Basi."

"Na maji, Mwalimu? Nani aliyapunguza?"

Akasema mbuzi wameingia kwa mahindi ya jirani, akakata simu. Nimempigia tena mara kadhaa, na kila mara mbuzi wako kwa mahindi. Kiu bado anasubiri jibu.