Kijiji Kilichotaka Tufaulu

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa na jina refu kuliko barabara ya kutoka Kahama mpaka kwetu Ushetu, lakini jambo lenyewe lilikuwa dogo. Tulitaka kujua wakulima wa tumbaku wanavyonaswa na matapeli wa simu, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tulikuwa wawili tunaosoma usalama wa mtandao: mimi, na binti wa mchimba dhahabu wa Geita, mwenye akili nyingi na subira kidogo. Tulichagua kijiji cha kwetu, na nisiseme uongo, sababu kubwa ilikuwa mapishi ya mama yangu.

Mpango ulikuwa kuwatumia watu waliokubali kushiriki ujumbe wa kitapeli wa kujifanya, unaowaomba namba zao za siri, halafu tuone nani anajibu na nani anaupuuza. Ujumbe tulijifanya umetoka kwa watu wa mtandao wa simu. Tulimweleza mwenyekiti wa kijiji kwa kirefu, tukamwomba awaambie watu kwamba kutakuwa na utafiti tu, asiguse habari za ujumbe. Aliitikia kwa kichwa, akatuombea heri.

Sisi tulikwenda Kahama kutengeneza kompyuta, na huku nyuma mwenyekiti akaitisha mkutano. Baadaye tulisikia alivyosema. Watoto wetu wameleta mtihani kutoka chuo, utaingia kwenye simu, utauliza namba ya siri. Kila mwenye simu ajibu upesi, tusije tukawaangusha.

Tulipotuma ujumbe, majibu yalimiminika. Kila mtu alijibu. Hata wasiokuwemo kwenye utafiti waliazima simu za majirani ili nao wachangie. Mmoja alitoa namba yake, akaongeza na ya mke wake, asije akaonekana mvivu. Shangazi yangu alitukaripia kwanza kwa kuwaandikia wakubwa bila shikamoo, kisha akataja namba. Mzee wa kanisa alimalizia kwa sala. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, halafu akanyamaza ghafla, maana tulikuwa tumeshika mikononi namba za siri za kijiji kizima.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mwenyekiti, nikakikasirikia kijiji, nikajiuliza watu hawa wana wema wa namna gani usio na breki. Hasira yenyewe haikudumu, kwa sababu kila nilipofungua jibu jingine nilikuta mtu ananipenda.

Msimamizi wetu chuoni, mama asiyependa maneno mengi, tulimpigia simu tukamweleza yote. Hakucheka. Alitaka tufute kila kitu mara moja, kisha tupite nyumba kwa nyumba mpaka mtu wa mwisho awe amebadilisha namba yake. Kabla ya hapo asingesaini fomu ya kuturuhusu kusimama mbele ya jopo la watahini, na bila saini hiyo tungerudia mwaka. Mama yangu alikuwa ameshalitangazia soko zima la tumbaku kwamba mwanawe anamaliza.

Tukapita. Tuliwakuta watu wakifunga majani, wengine wakichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na kila mahali swali lilikuwa lile lile: kwani tulikosea majibu? Tuliwahakikishia kwamba hawakukosea, ila sasa wabadilishe, na namba mpya wasimwambie mtu. Walibadilisha kwa upole, kisha wengine wakauliza kama watutumie ile mpya ili tuwe na uhakika. Mwenzangu ilimbidi atoke nje apumue.

Wa mwisho alikuwa mama yangu, na yeye alikataa.

Namba yake ilikuwa mwaka niliozaliwa. Niliijua tangu siku aliponunua simu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kila kinachotokea kwenye kioo. Aliketi kwenye kigoda, simu mapajani, akaniangalia kama ninayemwomba auze ng'ombe wa urithi.

"Nikiuondoa huo niweke nini?"

Nikamwambia aweke chochote, mradi nisikijue mimi.

"Hata wewe, ng'wanawane, mwanangu wa kumzaa?"

"Hata mimi, mayu," nikamjibu mama.

Akasema hajawahi kunificha kitu, na haoni kwa nini aanze uzeeni. Nilimweleza habari za matapeli, akasema mimi si tapeli. Nilimweleza kwamba tapeli anaweza kujifanya mimi, akasema hakuna awezaye. Mwisho nikamwambia ukweli ulivyo, kwamba asipobadilisha, sitasimama mbele ya jopo na sitamaliza mwaka huu.

Aliichukua simu mapajani. Kisha akanitaka nigeuke.

Niligeukia ukuta nikawa namtajia hatua kwa kichwa: bonyeza hapa, sasa weka ile ya zamani, sasa mpya, sasa irudie. Nyuma yangu vitufe vililia polepole. Akakosea kurudia, akaanza upya, wala hakuniita nimsaidie. Mwenzangu alikuwa mlangoni, pembeni yangu, ameshika simu, tayari kumpigia msimamizi.

"Tayari," mama akasema. Nilipotaka kugeuka akaongeza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya msichana: "Nimeweka mwaka mmoja wa zamani. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa."

Kwa masomo yangu, hicho kilikuwa kidokezo kikubwa mno, na ningepaswa kumkanya palepale, abadilishe tena. Mwenzangu alinikazia macho akinisubiri nimwambie mama. Sikumwambia. Nilimsikia mama anacheka peke yake, nikabaki nimeukodolea macho ukuta wa nyumba niliyokulia, nikiuonea wivu mwaka nisioujua.