Poda ya Mama Chantal

Georgette amepika katika shule ya msingi ya Mtakatifu Klara, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa miaka sita sasa. Ukimuuliza mtoto yeyote wa pale jina la mpishi, atakwambia Mama Chantal, au Mama Posho, yaani mama wa ugali, kutegemea adabu aliyolelewa nayo. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti isiyohitaji kengele. Akiita "Kuleni!" hata mwalimu aliye mwisho wa uwanja huweka chaki chini. Lakini sauti hiyo huishia hapo. Mikutano ya wazazi haendi, kanisani hukaa nyuma, na mtu akitaka kumpiga picha hugeuza uso.

Mwaka huu alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alitaka binti yake Chantal, wa darasa la tano, asomwe jina mbele za watu siku ya kufunga mwaka. Hakutaka zawadi wala cheti. Alitaka jina litajwe, watu wasikie, basi.

Kwao ni Kalehe, Kivu ya Kusini. Huko mwaka wa shule hufungwa kwa siku ya kutangaza majina, ambayo Wakongo huiita proklamasio. Wazazi huja wamevaa vizuri. Mkuu wa shule husimama na karatasi, huanza na mtoto wa kwanza kisha hushuka: jina na asilimia, jina na asilimia, mpaka wa mwisho aliyefaulu. Kila anayesikia lake hutoka mbio, na mama yake humwagia poda kichwani mpaka shingoni, akawa mweupe pe. Orodha ikiisha bila mtoto kusikia jina lake, ameanguka, na hakuna haja ya kumweleza. Anarudi nyumbani na nywele zake nyeusi, kijiji kizima kikimwona.

Siku ya proklamasio ya mwaka wake wa tano, Georgette alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alisimama pembeni, ameshika kopo la poda, kifuniko ameshakifungua. Mkuu wa shule alifika mtoto wa kumi na nne. Kabla hajamtaja wa kumi na tano, risasi zililia mlimani, na watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Georgette na mama yake hawakurudi tena. Walitembea, wakalala makanisani, wakadandia malori, wakavuka mpaka wa Bunagana, wakafika Nakivale na nguo zao za mwilini na lile kopo. Poda ilikuwa imemwagika njiani. Mama yake aliweka humo sindano, uzi na kadi ya chakula, mpaka siku alipofariki.

Kwa hiyo Georgette hajui. Mpaka leo hajui. Darasani alikuwa mtoto wa katikati. Huenda alikuwa wa kumi na tano, huenda hakuwamo kabisa. Walipoandikishwa ukimbizini, karani alimuuliza amesoma mpaka wapi.

"Mwaka wa tano," alijibu.

"Ulimaliza?"

Akanyamaza. Karani alikuwa na foleni ndefu, akaandika nne. Nne hiyo inamuuma kuliko mengine makubwa zaidi yaliyompata, na mimi simlaumu. Yale makubwa yana watu wa kuyalilia pamoja naye. Hili ni lake peke yake, na hata Chantal alikuwa hajamsimulia.

Wiki moja kabla ya sherehe, Sista Yudita, mwalimu mkuu, alimchukua kwenye pikapu ya parokia wakaenda Mbarara kununua mchele, mafuta na vitunguu. Sista ni Mnyankore, mwenyeji wa huko, mtu wa haki na mwenye haraka ya kudumu. Wakati anavutana bei na muuza mchele, Georgette alivuka barabara akanunua kopo kubwa la poda, akalifukia chini ya vitunguu kana kwamba ameliiba. Walipofika Rwekubo, karibu na kambi, alipiga moyo konde.

"Sista, siku ile mutasoma majina ya batoto bote?"

"Wote?" Sista nusura asimamishe gari. "Mama Chantal, darasa ya tano peke yake iko na watoto mia moja thelathini na mbili! Sisi nasoma wale tatu wa kwanza, napatia zawadi. Hao wengine nachukua ripoti yao, nakwenda nayo nyumbani. Watoto siku hiyo nafikiria nyama, hapana majina."

Georgette alicheka, maana kuhusu nyama Sista alisema kweli, kisha akaona haya. Alijua utaratibu wa pale tangu zamani. Miaka sita amesikia majina matatu ya kila darasa akiwa jikoni, moshi ukimtoa machozi. Chantal naye si wa tatu bora hata kidogo. Ni mtoto wa katikati, kama mama yake. Lakini alikuwa ametumaini, na alipoona vitunguu vikicheza juu ya kopo lile aliumia. Basi, akajiambia, nitammwagia nyumbani, mlango umefungwa, tuko wawili.

Siku ya sherehe ilianza kwa misa ya shukrani, chini ya maturubai yaliyofungwa kwenye nguzo za uwanjani. Watoto walipeleka altareni maharage, mahindi na ndizi. Kwaya iliimba Kinyankore, Kirundi na Kiswahili, kila mtu akipata wimbo wake wa kulia. Padri alipofika kwenye sala za marehemu, alisoma taratibu majina ya wanafunzi wawili waliofariki mwaka huo kwa malaria. Georgette alikuwa kwenye mlango wa jiko na upawa mkononi, akalia. Aliwalilia watoto wale, kwa kuwa aliwapakulia uji kila asubuhi, tena alikasirika. Ina maana mtoto wa katikati hasomwi jina mpaka afe?

Baada ya misa wakaitwa wale watatu watatu. Walipiga magoti kupokea madaftari na sabuni, watu wakapiga makofi, Padri akapiga picha nao. Kisha walimu wakagawa ripoti kwa wengine, kila mtoto ya kwake, na Sista akatangaza chakula.

Hapo ndipo Georgette alipomwona Jeannette.

Jeannette alikuwa amefika kambini Machi, naye akitoka Kivu ya Kusini, na binti yake Yvette. Yvette ana miaka kumi na minne. Kwa sababu ya Kiingereza alirudishwa madarasa mawili, akaketi na watoto wanaomfika begani. Mama yake alikuwa amevaa kitenge chake kimoja kizuri. Alisikia majina matatu ya darasa la tano, akasubiri jina la nne, akasikia wanaanza darasa la sita. Sasa alikuwa amemshika Yvette mkono, anamvuta nje ya uwanja.

"Mama, nilipita!" Yvette alikuwa akilia. "Angalia karatasi!"

"Karatasi kila mutoto iko nayo! Kama ulipita, juu ya nini habakukuita? Unanidanganya mbele ya bantu?" Akampiga kibao.

Wazazi wa Uganda waliokuwa karibu waliona mama mkali tu. Georgette ndiye pekee aliyeelewa kibao kile kilitoka wapi. Akamwachia upawa Vénant, Mrundi anayepika naye.

"Unakwenda wapi? Watoto wamekwishapanga mustari!"

Georgette alikwishaondoka. Alivuka uwanja na aproni yake ya masizi, yeye asiyependa kutazamwa, akachukua ile ripoti mkononi mwa Yvette. Kiingereza chake ni kidogo, ila mahali pa namba na pa kupanda darasa anapajua.

"Dada, ni wa saba," alisema. "Wa saba mu batoto mia moja na makumi tatu na mbili. Amepanda mwaka wa sita."

Jeannette alimtazama asielewe. "Wa saba? Sasa juu ya nini?"

"Hapa habasome bote. Banasoma batatu tu."

"Na bengine?"

"Bengine banaenda kula."

Jeannette aliketi chini, palepale kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri. Alitazama mkono wake uliopiga. "Baba yake alibakia kule," alisema. "Nilifikiri leo nitasikia jina ya mutoto mu kinywa ya mutu mwengine."

Georgette angeweza kusema pole, akarudi kwenye wali wake. Lakini alimwinua Jeannette, akawashika mama na mtoto, akaenda nao mpaka jikoni. Akatoa kopo la Mbarara, alilolificha nyuma ya mifuko ya maharage, akalifungua. Hapo alisita, tena sana, kwa kuwa kulikuwa na kopo moja tu, na Chantal alikuwa pale pale mezani akipanga sahani. Kisha akapanda juu ya gogo la kuni.

"Mwaka wa tano!" Ilikuwa sauti ile ile ya kuitia chakula, na jina alilitaja lote kama lilivyoandikwa kwenye ripoti. "Wa saba! Bahati Yvette!"

Akamwagia. Poda ilimshuka Yvette usoni, ikachanganyika na machozi. Jeannette alipiga kigelegele kimoja, kikaishia kwenye kilio, akamkumbatia mwanawe na weupe wake wote.

Mstari wote wa chakula ulikuwa umegeuka kumtazama. Halafu mtoto wa mbele, Mkongo wa darasa la nne, aliinua ripoti yake juu. Wa nyuma yake akainua. Georgette alichukua ya kwanza, akasoma jina kwa sauti, akanyunyiza poda, na Vénant, ambaye alikuwa bado ananung'unika juu ya mstari, akapakua wali. Ikawa hivyo: jina, poda, sahani. Wazazi waliokuwa wameanza kuondoka walirudi. Watoto wa Kinyankore, ambao hawakujua poda ni ya nini, walitaka nao, wakapata.

Sista Yudita alikuja mbio kuuliza kwa nini mstari hauendi. Alisimama, akamwona Georgette juu ya gogo, akawaona akina mama wamejipanga wanalia. Akakunja mikono ya vazi lake, akashika upawa wa pili.

Akafika mtoto wa Kirundi aitwaye Sonia, wa darasa la tatu, ripoti ameificha nyuma. Georgette alinyoosha mkono mpaka akaipata. Ilisema arudie darasa. Kwao Kalehe, mtoto huyu asingeguswa na chembe ya poda, na Georgette aliiheshimu sheria hiyo maisha yake yote, hata ilipomuumiza.

"Sonia!" aliita. "Darasa la tatu!" Akamwekea poda utosini, kidogo, akampapasa. Hakuna aliyecheka. Sonia alipokea sahani yake akaenda kula na wenzake.

Mstari ulikuwa mrefu, naye alinyunyiza kwa ubahili, lakini kopo ni kopo. Lilikuwa limebaki kundi la mwisho, wale waliosaidia kugawa sahani, na Chantal nyuma yao wote. Alipofika mbele ya mama yake akampa ripoti kwa mikono miwili. Alikuwa wa arobaini na moja, amepanda la sita. Georgette alitikisa kopo, akaligonga chini, akalitikisa tena. Halikutoa kitu.

"Si kitu, Mama," Chantal alisema haraka. "Haina shida. Unipatie chakula tu."

Georgette alimtazama mtoto huyu aliyekwishazoea kusema si kitu. Akageuka, akautia mkono kwenye gunia la unga wa posho mpaka kwenye kiwiko, akatoka nao umejaa.

"Mwaka wa tano! Wa makumi ine na moja! Faida..." Sauti ikakatika. Kwa miaka sita haijawahi kumwangusha hata siku moja. Akaanza upya tangu mwanzo, kwa nguvu, mpaka watu waliokwishafika barabarani wakageuka. "Mwaka wa tano! Wa makumi ine na moja! Faida Chantal!"

Unga ulikuwa mzito kuliko poda. Ulimwangukia Chantal kichwani wote kwa mara moja, akakohoa, akacheka, akawa mweupe mpaka kope. Sista Yudita aliona unga wa shule ukimwagwa chini, akaendelea kupakua.

Jioni ilipokaribia, wazazi wameondoka, mama na mtoto walikuwa wakisugua masufuria.

"Mama," Chantal aliuliza, "na weye ulikuwa wa ngapi?"

Georgette aliendelea kusugua. "Habakunifikia."

Akamsimulia, kwa maneno machache, karatasi, mtoto wa kumi na nne na mlima. Chantal alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikwenda kwenye gunia, akachota unga kiganjani, akarudi akisimama kwa ncha za vidole ili afike kichwa cha mama yake. Georgette akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Jina banaisoma mu karatasi. Karatasi yangu ilibakia kule."

Chantal aliurudisha unga ndani ya gunia, asimwage hata kidogo.

Walipomaliza masufuria, Georgette aliosha lile kopo kwa maji ya moto, akalikausha kwa aproni. Akaichukua ripoti ya Chantal, akaikunja polepole isikunjike pale penye namba, akaitia ndani, akafunga kifuniko kwa nguvu.

"Ukumbuke fasi ninaiweka," alimwambia. "Siku tutakimbia tena, hii ndiyo tutashika ya kwanza."