Bibi Arusi Ndani ya Letre za GUSABA

Masomo yangu iliishia katikati, sawa barabara ile mvua imekata, lakini menu za Kifaransa za kompyuta nilikuwa nazisoma bila kujikwaa, na njo ile iliniingiza kazi. Patroni alikuwa na sekretaria, kaduka ya kuchapa karatasi, pale Mbugangari, hapa Gisenyi: mashini moja ya kupanga kurasa, imprimante moja ya kuchapa, dirisha moja ya vyuma. Chumba ilikuwa finyu vile mukliya, muteja, akishakaa kwenye kiti yake, mulango haifunguke tena. Mpaka yeye asimame, hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka.

Ile asubuhi, sijui nani alinituma, nilikuwa nimemaliza termos muzima ya chai.

Akaingia bwana mumoja, mufanyabiashara, wale walirudi toka Uganda, mwili wa kujaza gari. Alitaka karatasi za kualika watu kwenye gusaba ya kijana yake, ile siku watu wa kijana wanaenda kuomba bibi kwa baba yake.

"Neno GUSABA, kubwa," akasema. "Na ndani ya letre, zile herufi zenyewe, ionekane foto ya musichana. Sawa dirisha. Mutaweza?"

"Huyu kijana anaweza yote," patroni akajibu, mukono kwa bega yangu, kisha huyoo, akavuka mupaka, zake Goma.

Bwana akakaa. Mulango ikafa.

Ile kitu mi sikuwahi hata kuiota. Nikaanza kuweka letre nyeupe juu ya foto.

"Hiyo si dirisha," bwana akasema. "Hiyo ni meno."

Nikaziondoa rangi. Zikapotea zote.

"Letre ziko wapi?"

"Ziko, Bosi. Ziko na haya tu."

Hakucheka. Jua ikapanda kwa mabati, kiti yake ikalia, na chai ikaanza kuniita kwa jina, inataka kutoka. Niliangalia mulango sawa mufungwa anaangalia funguo. Mi njo mutu pekee wa Gisenyi aliyefungwa na mugongo wa mukliya.

Nikafungua kila menu, moja moja, mpaka nikaelewa: letre lazima iache kwanza kuwa letre. Unaambia mashini iigeuze kuwa umbo, sawa karatasi umekata na makasi, na huwezi tena kuisahihisha kwa kuandika. Kisha unakata foto, unachagua lile umbo, unafinya *Coller dedans*, bandika ndani.

Nikafinya. Yebaba weee! Jicho ya bibi arusi ikatuangalia toka ndani ya G. Pua ikakaa kwa U, kicheko ikaanzia kwa S, ikaishia kwa A. Tulipiga kelele wote wawili.

"Bosi, sasa nitoke kidogo tu..."

"Kaa. Shangazi ya musichana anakuja kuangalia kwanza."

Alikuja kweli, toka Nyamyumba, na beseni ya sambaza kwa kichwa, zile samaki ndogo za ziwa. Akasukuma mulango, ikagonga mugongo ya bwana. Akazunguka, akaweka uso kwa vyuma ya dirisha. Akaangalia mashini.

"Mutoto yetu anafanya nini mule?"

"Si muzuri, Shangazi?" bwana akauliza.

"Uzuri njo shida! Siku ya gusaba musichana anafichwa. Sisi tunakataa kwanza, tunasema hapa hatuna musichana, munaomba mpaka jasho. Sasa wewe umemutembeza kwa wageni wote, na meno inje! Kaka yangu akiona hii atasema: kama mulishamupata, munakuja kuomba nini? Atawarudisha na ngombe zenu."

Bwana alikulia Uganda, hakuna mutu aliyemwambia ile desturi. Jasho ya kuomba ikamutoka mapema. Akaniangalia sawa mi njo nilizaa ule musichana.

"Toa," akasema polepole.

Kutoa yote, kuanza upya? Na ile chai? Niliacha letre vile ziko, nikakamata foto ndani yake, nikaivuta pole pole. Ilipigwa kando ya ziwa, musichana amevaa mushanana, ile nguo ya kufungwa kwa bega. Jicho ikatoka kwa G. Meno ikaondoka. Ndani ya letre ikaingia kitambaa ya bega, kisha maji ya Kivu.

"Simama hapo!" shangazi akalia dirishani. "Simuone tena. Lakini iko?"

"Iko, Mama. Iko nyuma ya ile nyeupe ya karatasi."

"Sawa amefichwa ndani ya nyumba." Akacheka mpaka beseni ikatikisika. "Hii nitamupelekea kaka yangu mi mwenyewe."

Bwana akashusha pumzi, akasimama, akatoka kumushika mikono. Mulango ikafunguka! Mi nilikuwa tayari nimeruka meza, lakini shangazi akaniwahi. Akaingia, akakaa kwenye ile kiti, beseni kwa magoti, mugongo kwa mulango.

"Bon, we mutoto. Mi nataka SAMBAZA, kwa kibao yangu ya soko. Na ndani samaki zionekane zote, mpaka na macho."