Kengele ya Udongo

Kigango chetu cha Kikatoliki hapa Matema kina familia saba tu, na kengele hatuna. Katekista wetu ni mama mfinyanzi. Kila Jumapili asubuhi hugonga chungu kikubwa mlangoni mwa kanisa, na mlio wake hufika mpaka nyumba ya mwisho.

Jumapili moja kikapasuka kwa pigo la kwanza. Sisi waumini tukaendelea kulala, mimi nikikoroma kuliko wote. Aliyetuamsha ni jirani yetu Mwislamu, muuza dagaa wa usipa, akipita mlango kwa mlango: "Hodi! Chungu chenu kimepasuka, mama anasali peke yake. Hamna haya?"

Tulikimbia wote, hata wale wa Krismasi na Pasaka. Tulimkuta mama ameshafika kwenye Injili, anayasomea mabenchi matupu kwa sauti kubwa, kana kwamba kanisa limejaa.