Fundi Anayeiga Mwandiko Wake Mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, ndani ya yadi ya malori, fundi wa maandishi anazunguka lori lile lile kwa mara ya nne. Anapiga mstari wa chaki ubavu wa kushoto, anasita, anapita mbele ya taa kwenda kuchungulia ubavu wa kulia, kisha anarudi na kuufuta kwa tambaa.

"Umepoteza nini, mama?" anauliza mlinzi wa getini.

"Nimejipoteza mwenyewe," anajibu, wala hacheki.

Ubavu wa kulia una maandishi ya stika yaliyotoka kwenye mashine. Wa kushoto anatakiwa aufananishe kwa brashi. Taabu ni kwamba mashine yenyewe ilimwiga yeye. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne anaiga kilichomwiga, na asubuhi hii hakumbuki tena mguu wa R huwa anauanzia wapi.

Kazi hii alifundishwa na baba yake. Herufi zake ni nene, hazina vikia wala madoido, na zimeinama kama mtu aliyechelewa kazini.

"Lori halikusubiri umalize kusoma," anasema. "Linapita. Herufi nyembamba huioni, na ya wima inaonekana kama imeachwa nyuma. Hizi zangu utazisoma hata vumbi likikuingia jichoni."

Kwa miaka ishirini na sita, mwenye malori kumi na mawili amekuwa akimletea yote kila mwaka. "Hayo ndiyo nusu ya riziki yangu," anasema fundi. "Nusu nyingine ni vibao vya saluni na maduka."

Mwaka jana mambo yakaanza kumchanganya. Aliuona mwandiko wake kwenye mlango wa duka la dawa ambalo hajawahi kulikanyaga. Wiki iliyofuata akauona kwenye mfuko wa sabuni ya unga, kisha mgongoni mwa fulana ya mtu asiyemjua.

"Nilimfuata mpaka kwenye kona. Nikamuuliza, 'Hii nilikuandikia lini?' Akaniona mwehu. Nikarudi nyumbani nikayakagua makopo yangu ya rangi, nikisema labda siku hizi nachora usingizini."

Aliyemtoa gizani ni binti wa kaka yake, mwanafunzi wa usanifu. Alikuwa amepiga picha herufi za malori, akazigeuza fonti ya kompyuta kwa ajili ya mtihani wake wa mwisho, kisha akaiweka mtandaoni yeyote aitumie bure. Fonti ameiita Shangazi.

"Nilitaka iwe zawadi ya kumshtukiza," anasema binti, macho chini. "Sikumuuliza. Hilo ni kosa langu."

Kushtuka alishtuka. "Nifurahi au nilie? Sijui mpaka leo. Niliingia duka la kuchapa, nikasikia mteja anasema, 'Niwekee Shangazi, ila umpunguze unene.' Nikageuka nigombane naye!"

Pigo lilikuja pale mwenye malori alipompigia simu. "Aliongea kwa upole kabisa. 'Fundi, usinichukie. Ni mwandiko wako ule ule, ila kwenye mashine unatoka kwa nusu saa.'"

Stika zikabandikwa lori la kwanza, pande zote mbili. Siku ya pili dereva akagoma kulitoa.

"Ukisimama kulia, lori linakwenda," anaeleza dereva huyo. "Ukija kushoto, maandishi yameinamia nyuma. Linaonekana linarudi kinyumenyume, na mimi nimo ndani! Wenzangu wakawa wananiuliza nimesahau nini nyumbani."

Hapo ndipo ilipojulikana siri ya baba wa fundi. Alimfundisha kwamba herufi huinamia kule gari linakoelekea. Ubavu wa kulia zinalala kulia, na wa kushoto zinalazwa kushoto, kila moja ikinenepeshwa mahali tofauti ili isionekane inaanguka. Binti alipiga picha za kulia tu, kwa sababu malori huegeshwa ubavu wa kushoto ukiwa karibu na ukuta.

Mwenye malori akarudi kwa fundi, na safari hii sauti ilikuwa chini zaidi. Amempa mbavu za kushoto za malori yote, za kulia zibaki za stika. Ni nusu ya malipo ya zamani. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," anasema fundi.

Binti naye yupo yadini leo, simu mkononi, tayari kupiga picha ubavu wa kushoto. Alijaribu kuzilaza herufi kushoto kwa kompyuta, zikawa kama zimelewa.

"Picha hupati," shangazi yake anamwambia. "Utazichora na mimi kila Jumamosi, kwa brashi, mpaka lori la kumi na mbili. Hapo uziingize huko kwenu, na uandike aliyekufundisha. Na jina lile ulibadilishe. Mimi ni shangazi yako wewe, si wa kila mwenye kompyuta."

"Sawa, shangazi." Anaweka simu mfukoni. "Haya, mguu wa R unaanzia wapi?"

Fundi anapiga hatua kuelekea ubavu wa kulia, kisha anasimama. Anachovya brashi, anaegemeza kidole kidogo kwenye bati, na mkono unashuka mara moja tu bila kusita. R imekaa, imeinamia mbele.

Anaitazama kwa mshangao, kama imechorwa na mtu mwingine.

"Kumbe ukiniuliza, sijui," anasema. "Ukinipa brashi, najua."