Mkwe Alinikuta Napika Oti

Nianze na kaptula, maana ndiyo inayonitia haya kabla hata sijafika kwenye lenyewe. Ilikuwa kaptula ya kukimbilia, nyembamba, imeishia katikati ya paja, na mwanamume wa umri wangu hana sababu yoyote ya kuivaa mbele ya mama mkwe. Ila mimi nilidhani mama mkwe amelala.

Alikuwa amepanda kutoka Mtowisa kuja kutibiwa jicho hospitali. Kule bondeni joto ni joto kweli. Huku Sumbawanga mwezi wa saba upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi hauulizi umevaa nini. Alikuja na mfuko wa mchele na khanga zake, akashangaa watu tunaishije huku juu. Tukampa blanketi zote nzito na chumba cha watoto, watoto tukawalaza sebuleni.

Sasa habari ya oti. Nilianza kukimbia baada ya daktari kuniambia presha inapanda, nikajiunga na kikundi cha jogingi cha pale mjini, nikanogewa. Mwanzoni nilikuwa nakimbia na kiporo cha ugali tumboni. Nilikoma! Kilima cha kwanza tu, kichomi kinanikunja barabarani, wanafunzi wanapita wananicheka. Mshikaji mmoja wa kikundi akaniambia nile oti, zile nafaka bapa za kwenye kopo ambazo huku kwetu wananunua watu wenye sukari. Nikamtania kwamba bado sijalazwa. Nikajaribu, nikanyamaza.

Nina namna yangu ya kuzipika na naomba nisibishiwe. Nazikaanga kwanza kavu kwenye sufuria mpaka zinukie, ndipo namimina maji ya moto na chumvi kidogo. Moto uwe mdogo, mwiko usitulie. Uji ukianza kuwa mzito natia maziwa, nafunika kidogo, naepua. Juu naweka karanga za kutwanga, ndizi mbivu, na asali ile nyeusi ya porini. Ukiula huo huvimbiwi; unashiba kwa utulivu, na baadaye ukianza kupanda Mbizi mwili unaitika. Mke wangu ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku alikuwa anakuta nimemwachia wake kwenye sufuria, anakaa mlangoni pa jikoni anakula bila hata kubadilisha nguo, na nikirudi kutoka mbioni tunakwangua sufuria pamoja tukigombania karanga. Hatukuwahi kukaa tukapanga nani apike. Ilikuwa raha yetu tu.

Wiki aliyokuja mama yake, mke wangu alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo alfajiri alikuwa bado amelala. Mimi kama kawaida nikaingia jikoni, nikakaanga, nikamimina maji, nikaanza kukoroga. Mlango ukafunguka. Mama mkwe, baridi ilikuwa imemtoa kitandani, akaja kuwasha mkaa aote moto. Nikashtuka, nikavuta khanga ya mke wangu iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari, nikajifunga kiunoni nifiche mapaja. Sikufikiri. Kwa hiyo alichokiona mama wa watu ni mkwe wake amejifunga khanga, mwiko mkononi, anakoroga uji, na binti yake yuko chumbani amelala fofofo.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba ameinamisha macho, akarudi kinyumenyume, akafunga mlango. Nilivyolelewa mimi, mtu na mama mkwe wake hata meza moja hawali. Nilipakua uji wangu, nikaumeza bila kusikia ladha.

Niliporudi kutoka mbioni nikapita chini ya dirisha la jikoni, nikamsikia anamsema binti yake kwa Kifipa, kwa sauti ya chini. Alikuwa anamwuliza mumewe ameacha kula chakula chake tangu lini. Mke wangu akacheka, akamweleza habari ya mbio, akamweleza oti. Mama hakucheka. Akasema mwanamume akianza kujipikia ndani ya nyumba yenye mke, huyo moyoni ameshamwacha, bado kumfungashia mizigo tu. Akasema dada yake mwenyewe alirudishwa kwao hivyo hivyo. Mume alianza kwa kukataa ugali wake. Ningeingia pale pale nikasema ukweli, yangekwisha mapema. Lakini nilikuwa na ile kaptula. Nikazunguka nyumba, nikaenda kuoga.

Kutwa nzima kazini nilikuwa najipanga. Nitamwambia: mama, mimi napenda kupika, na binti yako hana kosa lolote. Maneno yenyewe ni hayo tu, hata mtoto angeweza kuyasema.

Jioni akaniita sebuleni. Jambo la namna hii huwa linapitia kwa wazee, lakini hapa mjini hakuwa na mzee wa kumtuma, akalibeba mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti. Yeye akashuka sakafuni, akapiga magoti, jicho moja limefunikwa bandeji ya hospitali, akapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa. Mama mzima, mwenye umri wa mama yangu.

"Baba," akasema, "huyu mtoto nimemlea mimi. Kama hajui kukupikia, kosa ni langu. Nakuomba usimrudishe."

Nilitamani ardhi ipasuke. La kusema nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini kumbishia mama mkwe aliyepiga magoti ni adabu gani? Na kumwambia kwamba mimi, mkwe wake, jiko nalipenda, kwamba hakunikuta kwa bahati mbaya, kila siku niko pale na mwiko, jamani, niliona aibu. Nilimwonea aibu yeye, nikajionea aibu mimi. Nilichotaka ni kimoja tu, ainuke. Na neno la kumwinua mtu aliyekuja kuomba radhi kila mtu analijua.

"Yameisha, mama," nikasema. "Inuka."

Akainuka. Akanishukuru sana, akafuta machozi kwenye lile jicho zima. Nilipogeuza kichwa nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na sinia la chai, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amesikia yote. Akaweka sinia mezani, akapiga goti, jambo ambalo ndani ya nyumba yetu hatulifanyi, akanimiminia chai.

Kesho yake aliamka kabla yangu. Mama yake amekaa kando anamwelekeza, uji ukasongwa mpaka ukawa kama ugali, nikaletewa peke yangu sebuleni na maji ya kunawa. Nikala wote. Nilikimbia na kichomi asubuhi ile na nikaona ni haki yangu. Ikawa hivyo siku zote alizobaki. Siku ya kumsindikiza stendi, mama mkwe aliniambia anarudi Mtowisa na amani, na nilishindwa kumtazama usoni.

Siku iliyofuata nikawahi kuamka, nikijua sasa mambo yanarudi kama zamani. Nikamkuta mke wangu yuko jikoni, ameshavaa sare ya kazi, anakoroga. Nikamwambia aniachie mwiko, mama ameshaondoka, hakuna tena wa kuonyeshwa. Akaendelea kukoroga. Mama hakuwepo wa kumwelekeza, akaupika kwa namna yangu: akatia maziwa, akafunika, akaepua, akaweka karanga na ndizi, na nisikudanganye, ulikuwa mzuri kuliko ninaopika mimi. Akapakua bakuli moja, akaniwekea mezani. Nikamwuliza lake liko wapi.

"Ulimwambia mama yameisha," akasema. "Ni yapi hayo niliyokukosea?"

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikakaa, nikala, yeye amesimama pembeni anasubiri bakuli.